Mdudu hahami mmea kwa sababu ya chakula tu: dhana potofu kuhusu maadui asilia

Wadudu wengi walao mimea ni wachaguzi sana. Kiwavi aliyezoea jamii moja ya mimea anaweza kufa njaa juu ya majani mabichi ya jamii nyingine. Ndiyo maana mdudu wa namna hiyo akihamia mmea mgeni, watu hutaka kujua sababu, na jibu hutolewa haraka mno: amepata chakula kizuri zaidi. Jibu hilo linamsahau yule anayemla mdudu mwenyewe.

Dhana: Mdudu huhamia mmea unaomlisha vizuri kuliko ule wa zamani.

Ukweli: Mara nyingine mmea mpya ni mbaya kwa lishe, na bado mdudu anaendelea kuutumia. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Alaska. Huko kuna kipepeo wa kundi la Papilio machaon, ambaye viwavi wake kwa asili hula mimea ya jamii ya karoti. Baadhi ya vipepeo hao, hata hivyo, hutaga pia kwenye mimea miwili ya jamii ya alizeti, iliyo mbali kabisa na ile ya asili. Mtafiti Shannon Murphy, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, aliwalinganisha viwavi kwenye mimea yote hiyo. Walipokingwa dhidi ya maadui, walistawi zaidi kwenye mmea wa asili, kama ambavyo mtu angetarajia. Walipoachwa wazi, wawindaji wakiwafikia, matokeo yaligeuka: waliosalia zaidi walikuwa wale wa mimea mipya.

Tuyatazame matokeo hayo kwa makini. Kama mtafiti angeishia kwenye sehemu iliyokingwa, angetangaza kwamba kipepeo anakosea anapotaga kwenye mimea ile. Kosa lingekuwa la kipimo. Kwa kiwavi, mmea ni chakula, na papo hapo ni makazi anamoweza kuliwa. Kupima lishe peke yake ni kupima nusu ya maisha yake.

Dhana: Maadui hupunguza idadi ya wadudu tu, mageuzi ya mlo ni suala la kemia ya mimea.

Ukweli: Dhana hii ina mizizi ya heshima. Makala ya wanabiolojia Paul Ehrlich na Peter Raven ya mwaka 1964 iliweka sumu za mimea katikati ya mjadala, na kwa haki. Lakini mwaka 1988 watafiti Elizabeth Bernays na Mark Graham walitoa hoja kwamba wawindaji wanaokula kila aina ya mdudu wana nguvu kubwa katika kuamua mdudu afungamane na mimea gani. Miaka minne kabla yao, watafiti Jeffries na Lawton walikuwa wamelipa uzito wazo la nafasi isiyo na adui: namna ya kuishi inayompunguzia kiumbe hatari ya kuliwa.

Nzi wa matufaha wa Amerika Kaskazini, Rhagoletis pomonella, anaonyesha jambo hilo vizuri. Asili yake ni matunda madogo ya miti ya miiba iitwayo Crataegus. Wazungu walipeleka mitufaha katika bara hilo, na katikati ya karne ya 19 nzi hao wakaanza kushambulia matufaha katika bonde la mto Hudson. Funza hawastawi ndani ya tufaha kama wanavyostawi katika tunda lao la asili. Ila tufaha ni nene. Funza akizama ndani, nyigu kimelea, yaani yule anayetaga yai mwilini mwa mdudu ili mtoto wake amle, hamfikii, kwa kuwa mrija wake wa kutagia ni mfupi.

Dhana: Mdudu anajua kwamba anakimbia adui.

Ukweli: Hakuna mpango wowote. Majike wachache hutaga mahali pasipo pa kawaida, pengine kwa bahati tu. Watoto wao wakipona kwa wingi kuliko wengine, mwelekeo huo, ikiwa unarithiwa, huenea vizazi hadi vizazi.

Dhana: Sumu ya mmea humdhuru mdudu tu, au humzuia asiule.

Ukweli: Wapo wadudu wanaohifadhi sumu hiyo mwilini na kuigeuza silaha. Kuna lingine linalonistaajabisha zaidi: viwavi wa nondo Grammia incorrupta, wakishashambuliwa na nzi vimelea, huongeza ulaji wa alkaloidi, yaani sumu fulani za mimea, na hilo huwaongezea uwezekano wa kupona. Kiasi hicho kikubwa, akikila kiwavi asiye na vimelea, humdhuru. Kwa hiyo mmea uleule unaweza kuwa mzuri au mbaya, ikitegemea kama adui ameshafika.

Dhana: Ukishahamia mmea mpya, maadui umewaacha nyuma.

Ukweli: Afueni hiyo haina mkataba. Mimea mingi ikitafunwa hutoa harufu maalumu, na nyigu vimelea huifuata hadi kwa kiwavi. Jambo hili limeonyeshwa wazi kwenye mahindi. Nyigu pia wanaweza kujifunza harufu mpya. Tena, chakula duni kikimchelewesha kiwavi kukua, humwongezea siku za kuwa windo. Na maadui nao huhama: mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba nyigu Diachasma alloeum, anayemwandama yule nzi wa matufaha na jamaa zake, naye ameanza kugawanyika katika makundi tofauti, kila kundi likifuata nzi wa tunda lake. Kwa hiyo nzi alipohamia tufaha, alimfungulia njia hata adui wake.