Tarehe ya malipo siyo inayoamua nani apate gawio

Wengi hutafuta tarehe moja tu, ile ya malipo ya gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa), wakidhani mradi una hisa siku hiyo, pesa utapata. Sivyo. Siku hiyo ni ya kutuma fedha tu. Majina ya watakaolipwa yalishafungwa, mara nyingi wiki kadhaa nyuma.

Inayokata shauri ni siku ya kwanza ambayo hisa huuzwa bila gawio. Ukinunua siku hiyo au baadaye, gawio ni la aliyekuuzia. Tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, yaani orodha ya watakaolipwa, nayo huwaponza hata wazoefu, kwani kununua siku hiyohiyo ni kuchelewa: muamala huchukua muda kukamilika. Soko likikamilisha kwa siku 2 za kazi na daftari likafungwa Alhamisi, mwisho wa kununua ni Jumanne; Jumatano hisa huuzwa bila gawio. Sikukuu ikiangukia katikati, rudi nyuma siku moja zaidi.

Tarehe zote zimo kwenye tangazo la gawio, katika tovuti ya kampuni (sehemu ya wawekezaji) au ya soko la hisa. Kurasa za bei za hisa zisikutoshe. Baadhi huacha tarehe za gawio lililopita, kwa hiyo angalia mwaka. Na tangazo likisema gawio linasubiri idhini ya mkutano mkuu, bado halijathibitishwa.