Mitindo ya Kujifunza na Akili Nyingi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika mafunzo mengi ya walimu, mkufunzi hufika mahali akawataka washiriki wawagawe wanafunzi wao katika makundi matatu: wanaojifunza kwa kuona, wanaojifunza kwa kusikia na wanaojifunza kwa kutenda. Papo hapo huongezwa orodha ya akili saba au nane, kana kwamba ni mwendelezo wa hoja ile ile, na mwalimu hurudi kazini akiwa na mzigo mpya wa kuandaa somo moja kwa njia tatu, nne au nane. Nia ni njema, kwa kuwa hakuna mwalimu asiyejua kwamba wanafunzi wake hawafanani. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayofundishwa kwa jina la tofauti hizo haina ushahidi, na baadhi yake imepimwa ikaonekana si kweli.

Dhana: Akili nyingi na mitindo ya kujifunza ni kitu kimoja

Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alitoa nadharia ya akili nyingi mwaka 1983. Alipinga wazo kwamba akili ni uwezo mmoja unaoweza kupimwa kwa jaribio moja, akataja aina saba: akili ya lugha, ya mantiki na hisabati, ya muziki, ya mwili na miondoko, ya maumbo na nafasi, ya kuwaelewa watu wengine, na ya kujielewa mwenyewe. Katika miaka ya 1990 aliongeza ya nane, inayohusu kutambua na kupambanua viumbe na mazingira ya asili. Nadharia hiyo inazungumzia uwezo, yaani mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya na kiwango anachoyafanyia.

Mtindo wa kujifunza ni dai la namna nyingine kabisa, kwamba kila mtu ana njia yake ya kupokea maarifa, na kwamba njia hiyo ndiyo inayomfaa katika kila somo. Mtu anaweza kupenda sana michoro na asiwe hodari wa kusoma ramani. Mwingine anaweza kuwa na sikio kali la muziki na bado akapendelea kusoma kimya kimya. Gardner mwenyewe alilazimika kuandika gazetini mwaka 2013 kueleza kwamba akili nyingi si mitindo ya kujifunza. Wanaomtaja kama mtetezi wa mitindo hiyo, kwa hiyo, wanamtwika dai alilokwisha kulikataa hadharani.

Dhana: Mitindo ya kujifunza inajulikana, ni mitatu

Mgawanyo wa kuona, kusikia na kutenda umezoeleka sana, lakini hauko peke yake. Neil Fleming wa New Zealand, ambaye dodoso lake la mwaka 1992 limesambaa duniani kote, aliongeza kundi la nne, la wanaopendelea kusoma na kuandika. David Kolb, katika kazi yake ya mwaka 1984, hakugusa macho wala masikio. Aliwagawa watu kwa kuangalia kama wanaegemea uzoefu au fikra dhahania, na kama hutazama kwanza au hutenda kwanza. Mwaka 2004 kikundi cha watafiti wa Uingereza kilichoongozwa na Frank Coffield kilihesabu mifumo 71 ya aina hii, na kilipoichambua kwa kina ile 13 iliyo mashuhuri zaidi, kilikuta mingi ikiwa na udhaifu katika upimaji wake. Mwanafunzi mmoja, kwa hiyo, anaweza kupewa majina kadhaa yasiyohusiana, kutegemea dodoso lililo mezani siku hiyo.

Dhana: Mwanafunzi akifundishwa kwa mtindo wake, ataelewa zaidi

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala, kwa sababu dai hili likianguka, kazi yote ya kuwapanga wanafunzi kwa mitindo inakosa sababu. Linaaminiwa na wengi: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, zaidi ya asilimia 90 ya walimu walioulizwa nchini Uingereza na Uholanzi walilikubali.

Dai hili linapimika. Wanafunzi hupimwa kwanza mitindo yao. Kisha, kwa nasibu, baadhi ya walioonekana kuwa wa kuona hufundishwa kwa picha na wengine kwa maelezo ya sauti, na wa kusikia nao wakagawanywa vivyo hivyo. Mwishowe wote hufanya mtihani mmoja. Ili dai lisimame, wa kuona lazima wafanye vizuri zaidi walipofundishwa kwa picha, na wa kusikia wafanye vizuri zaidi walipofundishwa kwa sauti. Makundi yote mawili yakifanya vizuri zaidi kwa picha, hapo hakuna uthibitisho wa mitindo. Kilichoonekana ni kwamba picha ziliifaa mada hiyo. Kosa la tafiti nyingi zinazotajwa kuunga mkono mitindo ni kuishia njiani: huonyesha kwamba darasa lilifurahi, au kwamba alama zilipanda baada ya somo kuongezewa vielelezo, bila kulinganisha makundi kwa utaratibu huu.

Harold Pashler na wenzake watatu walipozipitia tafiti zilizokuwapo hadi mwaka 2008, walizikuta chache sana zilizofuata utaratibu unaotakiwa, na kati ya hizo, kadhaa zilitoa matokeo yanayopingana na dai. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti mwingine nchini Marekani, ambamo watu wazima walipimwa kama wanapendelea kusikiliza au kusoma, kisha wengine wakasikiliza matini na wengine wakaisoma. Walipopimwa walichokielewa, haikuonekana faida yoyote ya kulinganisha njia ya kupokea matini na upendeleo wa mtu.

Dhana: Mwanafunzi mwenyewe ndiye anayejua kinachomfaa

Madodoso ya mitindo humuuliza mtu anapenda nini. Kupenda ni jambo halisi na halipaswi kudharauliwa, lakini ni shahidi dhaifu wa kujifunza. Katika jaribio maarufu la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006, waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, na walikuwa na imani kubwa kwamba wataendelea kukikumbuka. Ilipopita wiki moja, waliowashinda ni wale waliokisoma kisha wakajilazimisha kukiandika kutoka kichwani. Njia iliyowapa wanafunzi uhakika ndiyo iliyowaacha mikono mitupu. Wanafunzi wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Indiana nao walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: wengi wao hawakujisomea kwa mtindo waliotajiwa na dodoso, na wale waliojisomea hivyo hawakupata alama bora kuliko wenzao.

Kuna pia madhara ya jina lenyewe, na kwa maoni yangu haya ndiyo yanayostahili kumtia mwalimu wasiwasi zaidi. Mtoto aliyeambiwa kwamba yeye ni wa kutenda, si wa kusoma, amepewa ruhusa ya heshima ya kukikwepa kitabu katika umri ambao anahitaji kuzoeshwa kukisoma. Watu wazima nao hupotoshwa. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wazazi, watoto na walimu walipoelezwa habari za mwanafunzi wa kuona na mwanafunzi wa kutenda, walielekea kumwona yule wa kuona kuwa mwenye akili zaidi, ingawa hawakupewa habari nyingine yoyote ya kuwatofautisha.

Dhana: Nadharia ya akili nyingi imethibitishwa na sayansi ya ubongo

Gardner hakuibuni nadharia yake hewani. Aliangalia watu waliopoteza uwezo mmoja kwa kuumia ubongo huku mwingine ukibaki, watoto wenye vipaji vya pekee katika eneo moja, na mambo ambayo tamaduni mbalimbali zinayathamini. Hata hivyo, tangu Charles Spearman alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1904, imeonekana mara nyingi kwamba majaribio ya uwezo wa lugha, hesabu, mantiki na maumbo huenda pamoja: anayefanya vizuri katika moja huelekea kufanya vizuri katika mengine. Watafiti wa Kanada walipobuni majaribio ya aina nane za Gardner na kuchapisha matokeo mwaka 2006, waliukuta uhusiano huo kwa nguvu katika aina kadhaa alizosema zinajitegemea. Wanasaikolojia wengi, kwa hiyo, wanaiona kuwa nadharia yenye mvuto isiyo na uthibitisho wa kutosha.

Isitoshe, hata anayeikubali hapati humo amri ya kufundisha kila mada kwa njia nane. Gardner aliwakosoa waliodhani kwamba kupiga muziki wakati watoto wanafanya hesabu ni kuitumia akili ya muziki. Jedwali la kuzidisha likiimbwa, wimbo unasaidia kulikariri, basi; haumfunulii mtoto kwa nini 7 mara 8 ni 56.

Dhana: Tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma, 20 ya tunachosikia na 90 ya tunachotenda

Takwimu hizi, zilizochorwa kama piramidi katika vijitabu vingi vya mafunzo, hazina utafiti unaojulikana nyuma yake. Edgar Dale, anayehusishwa nazo, alichora koni ya aina za uzoefu mwaka 1946 bila kuweka asilimia yoyote. Namba zinazofuatana kwa unadhifu kiasi hicho zilipaswa kutiliwa shaka mapema.

Dhana: Kuikataa mitindo ni kusema wanafunzi wote wako sawa

Wanafunzi hutofautiana, na tofauti zao hupimika: wanachokijua tayari, ufasaha wao katika lugha ya kufundishia, kasi ya kusoma, uwezo wa kuona na kusikia. Mtoto asiyesikia vizuri hana mtindo wa kuona. Ana ulemavu unaohitaji kifaa, lugha ya alama au nafasi ya kukaa mbele. Anayepata shida ya kutambua herufi anahitaji msaada mahususi wa kusoma, na kumbandika jina la mwanafunzi wa kusikia huuchelewesha msaada huo.

Dhana: Basi vielelezo na vitendo havina maana

Hili nalo ni potofu, na huwakuta walimu waliousikia nusu tu ya ukosoaji. Allan Paivio wa Kanada alieleza katika miaka ya 1970 kwamba maneno na picha huhifadhiwa kwa njia mbili tofauti zinazosaidiana, na tafiti za Richard Mayer zimeonyesha mara kwa mara kwamba maelezo yaliyoambatana na mchoro unaofaa hueleweka kuliko maelezo peke yake. Faida hiyo si ya kundi la wanaoitwa wa kuona tu. Kinachoamua njia ni mada: matamshi yanahitaji sikio, ramani inahitaji jicho, mwandiko unahitaji mkono.

Chukua mada ya sehemu katika hisabati. Mwanafunzi anaulizwa ipi ni kubwa kati ya 1/3 na 1/4, anachagua 1/4, kwa kuwa anajua kwamba 4 ni kubwa kuliko 3. Kumrudishia maelezo kwa mdomo hakumsaidii sana, maana kanuni anayoitumia haijawahi kumwangusha tangu aanze kuhesabu. Mpe karatasi mbili zenye urefu sawa, azikunje, moja katika sehemu tatu sawa na nyingine katika nne, akate kipande kimoja kutoka kila karatasi na kuvilaza sambamba. Kosa litajitokeza lenyewe mezani. Karatasi hizo zimeletwa kwa sababu mada inazihitaji, na mwanafunzi anayesemekana kuwa wa kusikia anazihitaji vilevile. Bado hazitoshi: lazima aseme kwa maneno yake kwa nini kugawanya zaidi kunatoa vipande vidogo, kisha aandike 1/3 > 1/4 bila karatasi mkononi.

Mwenzake aliyekwisha kulielewa jambo hilo huchelewa bure akilazimishwa kukunja karatasi. Huyo apewe 1/3 + 1/4, na akijibu 2/7, aulizwe inawezekanaje jumla iwe ndogo kuliko 1/3 aliyoanza nayo. Majibu ya swali kama hilo, yakikusanywa kwenye vijikaratasi mwishoni mwa kipindi, humwonyesha mwalimu nani kesho arudi kwenye karatasi na nani asonge mbele kwenye vigawe vya pamoja.