Cockettes: ndevu zenye glita na ugomvi wa kiingilio

Kwenye kitengo chetu cha historia ya thiata swali linalorudi kila mara watu wakisikia neno dragi ni hili, si ni mwanaume kavaa gauni tu, sasa hapo historia iko wapi? Swali zuri. Mwanaume kuigiza mwanamke jukwaani ni kitu cha zamani mno, Uingereza enzi za Shakespeare nafasi za wanawake zilichezwa na wavulana, Japani kwenye thiata ya jadi ya kabuki waigizaji wa kiume wanaocheza wanawake wana jina lao kabisa, onnagata, na hata kwenye vichekesho vya huku kwetu ukimuona baba mzima kajifunga kanga mbili anasuta jirani hakuna anayeshtuka. Kote huko kuna kitu kimoja, ama mwigizaji anataka umuamini kwamba ni mwanamke ama anataka ucheke kwa sababu siyo.

Sasa wale ninaotaka kuwasema leo, kundi la jukwaani lililoitwa Cockettes, hawakutaka lolote kati ya hayo mawili.

Ni San Francisco, Marekani, mwisho wa 1969. Kuna kijana anaitwa George Harris, katoka New York kwenye familia ya waigizaji, na yeye ndiye anayetajwa kuwa yule kijana wa kwenye ile picha maarufu ya Oktoba 1967 anayechomeka maua kwenye mitutu ya bunduki za wanajeshi mbele ya Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, kwenye maandamano ya kupinga vita ya Vietnam. Alivyofika San Francisco akajiita Hibiscus, akaingia kuishi kwenye jumuiya ya mahipi, wale vijana waliokataa maisha ya kawaida, iliyoitwa Kaliflower ambako kila kitu kilikuwa cha wote, chakula cha wote, hela za wote, na sanaa hairuhusiwi kuuzwa. Kumbuka hilo la sanaa kutouzwa maana ndilo litakalokuja kuleta kasheshe.

Mkesha wa mwaka mpya wa 1970 Hibiscus na wenzake wakapanda jukwaani Palace Theatre, mtaa wa North Beach, ukumbi uliokuwa wa sinema za Kichina halafu usiku wa manane unaonyesha filamu za ajabuajabu za vijana. Hawakuwa na shoo ya maana, walicheza dansi moja ya kurusha miguu juu huku wimbo wa bendi ya Rolling Stones unapigwa, wakiwa na magauni ya mitumba, manyoya, maua kichwani, wengine nguo zimeshadondoka, na ukumbi ukalipuka kwa kelele wakaambiwa warudie. Basi Cockettes wakazaliwa hivyo, bila mazoezi bila script.

Kilichokuwa kipya hasa ni nini? Kwenye klabu za dragi za wakati ule sifa ya msanii ilikuwa kufanana, yaani wigi limekaa, ndevu zimenyolewa hadi ngozi inang'aa, anaimba kama staa fulani wa Hollywood mpaka unasahau. Hibiscus alipanda na gauni na ndevu zake zote, tena kazimwagia glita, ule unga wa kumetameta. Na kundi halikuwa la mashoga peke yao, kulikuwa na wanawake, Fayette Hauser na Pam Tent kwa mfano, nao wanajipaka rangi na kuvaa hivyohivyo, na watoto wachanga walikuwemo humohumo. Ukimtazama mtu pale huwezi kusema huyu anaigiza jinsia gani, na wao hawakutaka ujue. Ndo maana wanahistoria wa thiata wanawaweka kwenye sanaa ya uvunjaji kanuni na siyo kwenye burudani ya klabu.

Na usione kwamba ilikuwa rahisi vile, San Francisco ilikuwa na sheria ya mji ya 1863 ya kukataza mtu kuonekana hadharani na nguo zisizo za jinsia yake, sheria hiyo imefutwa 1974, kwa hiyo muda wote Cockettes wapo jukwaani ilikuwa bado kwenye vitabu.

Nguo zenyewe ni somo peke yake (naomba mnivumilie hapa, mimi ni mtu wa mavazi). Walikuwa hawana hela, wengi waliishi kwa posho ya serikali na kuponi za chakula, lakini maduka ya mitumba ya San Francisco wakati ule yalijaa magauni ya hariri ya miaka ya 1920 na 30 ambayo hakuna aliyeyataka. Kwa hiyo unakuta mtu kavaa gauni la bibi wa tajiri fulani, juu yake pazia, shanga, kichwani kaweka chochote. Wenyeji wa pwani watakumbuka ngoma ya beni, watu walivyoshona sare za kuigiza za maofisa wa kizungu na kujipa vyeo, sisemi ni kitu kimoja, hapana, ila ule ujanja wa kuchukua nguo ya mkubwa na kuivaa kwa chumvi mpaka ukubwa wenyewe unaonekana vazi tu, huo unafanana.

Shoo zikaanza kuwa na hadithi. Juni 1971 rais Nixon alipomuoza binti yake Ikulu, Cockettes wakatoa filamu fupi ya kuikejeli harusi hiyo, Tricia's Wedding. Kulikuwa pia na Pearls Over Shanghai, muziki na hadithi vyote vyao wenyewe, na hapa lazima niseme ukweli, ile ya Wamarekani weupe kujipaka sura za Kichina ukiitazama leo inakwaza, kuvunja kanuni za jinsia hakukuwazuia kubeba ubaguzi wa wakati wao.

Huku nyuma ishu ya kiingilio inachemka. Wenye ukumbi wanauza tiketi, magazeti yanaandika, wasanii wengine wanasema jamani na sisi tule, Hibiscus anasema hapana, ikiuzwa imekufa. Mwaka 1971 wakaachana, yeye akaanzisha Angels of Light ambao shoo zao zilikuwa bure. Waliobaki wakaalikwa New York.

Novemba 1971, Anderson Theater, Manhattan. Wanahabari walishawasifia kupita kiasi, kila usiku wanaalikwa pati, mazoezi hakuna, jukwaa kubwa kuliko walilozoea, na usiku wa ufunguzi wamekaa kina mwanamuziki John Lennon, mwigizaji Angela Lansbury na mwandishi Gore Vidal. Ilikuwa aibu. Watu walianza kuondoka shoo katikati, na Vidal anatajwa kusema kwamba kukosa kipaji peke yake hakutoshi. Wengi husimulia hii kama ushahidi kwamba hawakuwa na lolote, mimi naona tofauti kidogo, Palace watazamaji walikuwa sehemu ya shoo, nao wamevaa, nao wamelewa, wanajibizana na jukwaa, New York watu walilipa wakakaa wakasubiri waonyeshwe kitu. Aliyesifiwa alikuwa mwenzao Sylvester, kijana mweusi kutoka Los Angeles aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa la Kipentekoste, sauti ya juu ya ajabu, ambaye alijitoa mapema baada ya kuona chombo kinazama. Vuli ya 1972 Cockettes wakaisha, hata miaka mitatu hawajatimiza.

Lakini mbegu zilishamwagika. New York kukaja kundi la dragi la Hot Peaches, hao walipofika London 1976 mwigizaji wa kiume wa Uingereza Bette Bourne akajiunga nao, kisha 1977 akaanzisha Bloolips yake, mavazi yaliyotengenezwa kwa takataka tupu na dansi za kugonga viatu. Mwigizaji Peggy Shaw naye alipita Hot Peaches, 1980 akawa mmoja wa waanzilishi wa Split Britches, kundi la wanawake ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. San Francisco kwenyewe 1979 wakatokea wanaume waliovaa kama masista wa kanisa, Sisters of Perpetual Indulgence, wenye imani wengi walikasirika na wanakasirika mpaka sasa, ila 1982 hao masista wa uongo ndio waliogawa kijitabu cha kufundisha ngono salama kwa lugha ya mtaani, kipindi ambacho ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa haujaeleweka.

Hibiscus alikufa Mei 1982, miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuuawa na UKIMWI New York. Wenzake kadhaa walifuata. Sylvester, ambaye 1978 alitikisa dunia na disko la You Make Me Feel (Mighty Real), alikufa Desemba 1988, na kwenye wosia aliandika mapato ya nyimbo zake yaende kwa mashirika mawili ya San Francisco yaliyokuwa yakisaidia wagonjwa. Ilichukua miaka mingi maana alikufa na madeni, ila yalipoisha hela zikaanza kuingia, na moja ya mashirika hayo, Project Open Hand, kazi yake ni kupika chakula na kuwapelekea wagonjwa nyumbani. Hakitozwi hela.