Je, wajua kwa nini aliyeacha kokeni hushikwa na hamu akiona tu kipande cha foili?

Familia ya Malindi inapompeleka kijana kwa jamaa wa bara ili aachane na unga, mara nyingi huamini kwamba muda ukipita, dawa itamtoka mwilini na hamu itaisha. Akirudi amenawiri, kisha akapita karibu na maskani ya zamani na hamu ikampanda, watu husema kwamba bado ana masalia mwilini, au kwamba hakukusudia kuacha.

Unga huo kwa kawaida ni heroini, ila jambo hili limechunguzwa sana kwa watumiaji wa kokeni, na kwao dhana ya masalia haisimami. Kokeni iliyomo katika damu hupungua kwa nusu ndani ya takriban saa moja, na mabaki yake hutoweka katika mkojo baada ya siku chache, ingawa kwa mtumiaji sugu huchukua muda zaidi. Baada ya miezi mitatu hakuna kilichobaki cha kulaumiwa. Dhana ya kukosa nia nayo ina kasoro. Mwaka 2008, mtafiti Anna Rose Childress na wenzake nchini Marekani waliwaonyesha wanaume 22 wenye uraibu picha zinazohusiana na kokeni kwa milisekunde 33, muda usiotosha kutambua kilichoonyeshwa, na bado amigdala na sehemu nyingine za ubongo zinazohusika na hamu ziliitikia. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kushindwa kupinga asichojua kwamba amekiona.

Kiini cha hamu hiyo ni dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupelekeana ujumbe. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alionyesha kwamba seli za dopamini za tumbili, ambazo mwanzoni ziliitikia sharubati, baada ya mazoezi ziliitikia ishara iliyoitangulia. Ni kama baharini: nahodha mgeni hushtuka upepo unapojaza tanga. Mzoefu huyaona maji ya mbali yakigeuka meusi, na mkono wake huwa umeshika demani, kamba ya tanga, kabla upepo haujafika. Upepo wenyewe haumshangazi tena. Kokeni huzidisha somo hilo, kwani huzuia dopamini isirudi kwenye seli ilikotoka, hivyo foili, kiberiti au sura ya muuzaji hujifunzwa kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, na sehemu za ndani zinazohusika na hamu pia hutofautiana na ya wasiotumia. Hapa tahadhari inahitajika: baadhi ya tafiti huyaona yamedhoofika, nyingine yameimarika, na kipimo cha mara moja hakitenganishi kilicholetwa na dawa na kilichokuwapo kabla yake.

La ajabu zaidi ni kwamba kwa panya, hamu inayoamshwa na ishara huongezeka katika wiki za mwanzo za kuacha. Kwa binadamu, utafiti wa 2016 ulikuta kwamba mawimbi ya ubongo mbele ya picha za kokeni yalikuwa makubwa zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa sita, ilhali washiriki wenyewe walisema hamu ilikuwa ndogo kadiri muda wa kuacha ulivyokuwa mrefu. Utafiti huo, hata hivyo, ulilinganisha watu tofauti walioacha kwa vipindi tofauti. Haukumfuatilia mtu mmoja tangu siku ya kwanza.