Kubadili gari ya otomatiki iwe manyuali huku kusini: tunayoaminishana na ukweli wenyewe

Msimu wa korosho ukifunguka na hela za mnada zikishaanza kuingia, gereji za Mtwara, Masasi mpaka Newala zinachangamka, na kwenye vijiwe utasikia sana hii habari ya kung'oa giaboksi ya oto na kufunga manyuali. Mimi sipingi mtu kubadili, gari ni yako na hela ni yako. Ninachopinga ni kubadili kwa maneno ya kijiweni, maana mtu anatoa hela ya shamba zima kwenda kutibu ugonjwa ambao gari yake haina, na hii inaniuma kweli.

"Oto ikishaanza kuteleza gia ndo basi, imekufa, dawa yake ni manyuali."

Hapana jamani. Anza na haidroliki, yaani ile oili ya giaboksi. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, unapima gari ikiwa sehemu tambarare, injini imepata moto na inaunguruma, unapitisha gia zote kuanzia P mpaka L taratibu unarudisha P, ndo unachomoa kijiti. Wengi wanapima injini imezimwa kama wanavyopima oili ya injini alafu wanasema iko sawa, kumbe imepungua na gari inateleza kwa sababu pampu inavuta hewa. Ikizidi nayo ni shida, inatoa povu. Ukiikuta bado nyekundu una matumaini, ukiikuta nyeusi na inanuka kuungua basi kweli ndani kuna kitu kimelika.

Afu angalia taa ya O/D OFF pale kwenye deshibodi (O/D ni ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo kasi). Ikiwaka tu bila kupepesa, inawezekana mtu amebonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia, bonyeza tena izime, hakuna ugonjwa. Ila ikiwa inapepesa wakati unaendesha, kompyuta inakwambia imeona hitilafu upande wa umeme wa giaboksi, inaweza ikawa sensa ya spidi, solenoidi (vali ndogo ya umeme ndani ya giaboksi), au waya tu uliokatika. Gari za karibuni zinapimwa na mashine, na Toyota nyingi za miaka ya 90 hata bila mashine fundi anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia, taa inapepesa, anahesabu anapata namba ya hitilafu. Solenoidi moja sio sababu ya kutupa giaboksi nzima, kwaiyo fundi akikwambia "tuing'oe" kabla hajapima, mshukuru uende kwa mwingine.

Hapo hapo niseme kuhusu CVT, aina ya oto isiyo na gia za hatua, maana Nissan Note na X-Trail T31 zimejaa barabarani na nyingi ni CVT. Hizo zina mkanda wa chuma na oili yake maalumu, X-Trail T31 na Note za zamani (E11) zinataka NS-2, Note za E12 zinataka NS-3. Ukimimina haidroliki ya kawaida kwa sababu tu nayo ni oili ya giaboksi, unaua giaboksi mwenyewe, alafu lawama inaenda kwa oto zote duniani.

"Kubadili ni kutoa giaboksi hii na kuweka ile, siku moja kazi imeisha."

Hii ndo inayowaumiza watu zaidi ya zote. Oto haina klachi ya kukanyaga, kwaiyo nyuma ya injini kuna bamba jembamba tu linaloshika tochi konveta, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili. Ukienda manyuali unahitaji fulaiwili na bolti zake, klachi pleti, presha pleti, rilisi beringi, pedeli ya klachi na ile ya breki nyembamba, masta silinda ya klachi na silinda yake ya chini, gia liva na kebo zake, maunti, na kama gari inasukuma nyuma basi kuna beringi ndogo inakaa kwenye tundu la krenki pamoja na propela ambayo urefu wake mara nyingi haulingani na ile uliyonayo. Gari ya kuvuta mbele unaangalia shafti za mbele. Bado sijafika kwenye umeme. Kontroboksi (kompyuta) ya oto inasubiri taarifa kutoka giaboksi, isipozipata taa ya injini inawaka, sailensa ya gari (muungurumo wa injini gari ikiwa imesimama) inaweza ikapanda na kushuka, na mshale wa spidi unaweza ukalala. Kwaiyo unatafuta kontroboksi ya manyuali au fundi umeme anayejua anachokifanya.

Njia inayoeleweka ni kununua vitu vyote kutoka kwenye gari moja, ya aina ileile na injini ileile ambayo ilitoka kiwandani ikiwa manyuali, mfano Corolla 110 yenye 5A-FE zilikuwepo za aina zote mbili. Ukianza kuokota kipande kimoja Dar, kingine Lindi, kingine kwa jamaa Masasi, gari itakaa juu ya mawe mpaka msimu mwingine. Na kama modeli yako haikuwahi kutengenezwa manyuali kabisa, achana nayo, ni bora uuze ununue ambayo tayari ni manyuali.

Kuna jambo la usalama hapa ambalo halisemwi. Oto haipigi stata mpaka iwe P au N, kuna swichi inazuia. Ukitoa giaboksi ile swichi inaondoka, na mafundi wengi wanaunga waya moja kwa moja ili iwake. Maana yake gari inaweza kupigwa stata ikiwa kwenye gia ikaruka mbele, na nyumbani kuna watoto wanacheza mbele ya gari. Mwambie fundi afunge swichi kwenye pedeli ya klachi, bila kukanyaga klachi stata isizunguke. Taa za rivasi nazo zilikuwa zinapitia ile swichi ya giaboksi ya oto, mkumbushe.

"Manyuali utaokoa nusu ya mafuta." Sio kweli. Tochi konveta inapoteza kidogo, hasa kwenye simama-nenda ya mjini, ila oto nyingi zina loku inayoibana isiteleze ukiwa kwenye mwendo, kwaiyo safari ya Mtwara–Dar tofauti inakuwa ndogo. Gari inayokunywa sana iangalie plagi, sensa ya oksijeni, upepo wa matairi na breki zinazong'ang'ania kwanza.

"Oto haifai milima na mchanga wetu." Ule mteremko wa kutoka Newala kushukia upande wa Masasi, oto inashuka vizuri tu ukizima O/D na ukitelemsha mpaka 2 au L, injini inakushikia gari na breki hazipati moto. Kinachoua ni kuweka N eti unabana mafuta. Gari ya EFI (inayopuliziwa mafuta kwa kompyuta) ukishuka ikiwa kwenye gia na umeachia mafuta, kompyuta inakata mafuta yenyewe, ukiweka N ndo inayarudisha ili injini isizime, alafu umebaki na breki peke yake. Mchanga wa Msimbati nao oto inauweza, tena haikati nguvu wakati wa kubadili gia, punguza upepo wa matairi, weka gia ndogo, usisimame hovyo. Ikikwama usikandamize mafuta, haidroliki inachemka. Shuka uchimbe.

Sehemu moja manyuali inashinda bila ubishi, betri ikifa katikati ya Nangurukuru na Lindi unaisukuma inawaka. Oto nyingi hazisukumwi, pampu ya giaboksi inazungushwa na injini na injini imezima, hamna presha. Kwa sababu hiyohiyo usivutwe kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yenye nguvu yakiwa chini, ya kusukuma nyuma toa propela, ya kuvuta mbele nyanyua mbele.

Na ukiamua kubadili, giaboksi ya zamani ondoka nayo, usimwachie fundi kama chuma chakavu. Tochi konveta, solenoidi na ile bodi ya vali ni spea ambazo mtu mwingine anazitafuta, zinaweza kukurudishia hela ya klachi.