Mahudhurio kwa madaktari wa osteopathi: ni nini hasa kinachohesabiwa?

Takwimu za afya za Marekani zikisomwa harakaharaka, huzaa habari kwamba mamilioni ya Wamarekani kila mwaka huenda kwa wataalamu wa osteopathi kunyooshwa mifupa. Nimeisikia mara nyingi mno, na ina kasoro mbili.

Namba kama hizo hutoka kwenye utafiti unaofupishwa NAMCS, ulioanzishwa mwaka 1973 na Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya kuchunguza huduma za wagonjwa wa nje katika ofisi za madaktari. Kwa miongo mingi utaratibu ulikuwa huu: daktari aliyeangukia kwenye sampuli hupangiwa wiki moja, na mahudhurio kama 30 ya wiki hiyo hujaziwa fomu: mgonjwa ameletwa na nini, ameonekana na ugonjwa gani, amepewa dawa gani. Kisha hesabu hukuzwa ili iwakilishe nchi nzima. Ushauri wa simu haukuhesabiwa. Kliniki za hospitali zilipata utafiti wao mwaka 1992.

Kinachohesabiwa ni hudhurio. Mzee wa kisukari akienda mara nne, ni mahudhurio manne. Waliowahi kujaza MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania, hawahitaji somo hapa. Wao hutenganisha hudhurio la kwanza la mwaka na ya marudio. Anayesema "wagonjwa milioni kadhaa" amebadilisha kipimo njiani.

Hilo naweza kulivumilia. La mifupa ndilo linalonichosha.

Ni kweli osteopathi ilianzia kwenye mifupa. Andrew Taylor Still, daktari aliyepoteza imani na dawa za zama zake, aliitangaza mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri. Lakini vyuo vilivyofuata vilikuja kufundisha dawa na upasuaji kama vingine. Jeshi la Marekani lilikubali madaktari wenye DO, shahada ya udaktari ya vyuo hivyo, mwaka 1966, na kufikia 1973 majimbo yote yalikuwa yamewapa leseni kamili. Kuchua na kunyoosha viungo kumebaki kuwa mbinu mojawapo, na wengi wao huitumia kwa nadra.

Kisa cha California kinaeleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Mwaka 1962, zaidi ya madaktari 2,000 wa DO walikubali kupewa MD, shahada ya udaktari ya vyuo vya kawaida, kwa ada ya dola 65. Wagonjwa walewale, ofisi zilezile, dawa zilezile. Kilichobadilika ni herufi mbili ukutani.

NAMCS nayo iliwatazama hivyohivyo. Sampuli ilichotwa kwenye orodha za vyama viwili, kile cha madaktari wa MD na kile cha DO, na wote wakajaza fomu ileile. DO hapo ni shahada ya daktari. Haisemi mgonjwa alitibiwa nini. Huenda alifuata dawa ya presha.

Mkanganyiko mwingine hutoka Uingereza, ambako osteopathi ni taaluma ya tiba ya mikono, na mwenye nayo si lazima awe daktari. Ukiichukua maana hiyo ukaipeleka kwenye takwimu za Marekani, hesabu inaharibika.

Kwa hiyo habari ile ingesomeka hivi: kila mwaka mamilioni ya mahudhurio hufanyika katika ofisi za madaktari wenye shahada ya DO, kwa maradhi ya kila aina. Waliokandwa viungo wanatafutwa kwenye safu ya matibabu ya fomu ile.