Wino Unaoishia Kwenye Sponji

Printa yangu ya kwanza ya wino iligoma wiki ya kufunga shule, meza ya steshenari imejaa ripoti za wanafunzi. Taa mbili zinawaka kwa kupokezana, karatasi haivutwi. Fundi akaigeuza, akafungua skrubu ya nyuma na kuchomoa kisanduku cha plastiki kilichoshindiliwa sponji. Zilitoka kiwandani zikiwa nyeupe. Mkononi mwake zilikuwa nyeusi tii, nzito, na alipoziminya ukadondoka wino wa rangi zote nne uliokwisha kuwa tope. Wino ule wote niliununua mimi, na haukugusa karatasi hata moja.

Hasira ile ninayo mpaka leo. Lakini tangu siku hiyo nimegundua kuwa mengi tunayoambiana kaunta kuhusu wino si kweli, na baadhi yake ndiyo yanayouteketeza.

"Nisipoprinti, wino hautumiki."

Hutumika. Kichwa cha printa, sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, kina mamia ya matundu, kila moja jembamba kuliko unywele, na wino wenyewe kwa sehemu kubwa ni maji. Tundu la namna hiyo likikaa wazi, maji hukauka na rangi hubaki imeganda mlangoni. Kwa hiyo kila inapowashwa, au ikishakaa siku kadhaa, printa hubana kichwa kwenye kifuniko chake cha mpira, pampu ndogo hufyonza wino kupitia matundu, kisha ulimi wa mpira hufuta uso wake. Ule mkoromo unaousikia kabla ya ukurasa wa kwanza ndio huo. Wino uliofyonzwa haurudi kwenye katriji. Unakwenda kwenye sponji.

Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima printa kwa matumizi ya kuprinti kidogo kidogo, kama ya nyumbani, likakuta baadhi yake zinafikisha kwenye karatasi chini ya nusu ya wino wake. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi haikuonyeshi hasara hiyo. Kipimo kinachotumika, ISO/IEC 24711, huprinti mfululizo mpaka katriji iishe, wakati wewe unatoa barua mbili Jumatatu na tiketi moja Ijumaa. Katriji au chupa za kwanza nazo hupungua kabla hujaprinti chochote, kwa sababu sehemu ya wino hutumika kujaza njia za ndani.

"Basi usafishaji ni wizi mtupu."

Hapana, una kazi. Kwenye printa za Epson na Brother kichwa ni sehemu ya mashine, na kikiziba kabisa, mara nyingi kukibadilisha hakulipi. Printa nyingi za bei nafuu za HP na Canon hubeba kichwa kwenye katriji, hivyo ukibadilisha katriji umebadilisha na matundu yake. Lawama yangu iko kwenye ukimya. Boksi halisemi ni mililita ngapi zinaondoka kwa kila usafishaji, ilhali watu wanapanga bei ya ukurasa na riziki ya duka kwa namba za boksi hilohilo. Mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

"Zima ukutani, utaokoa umeme na wino."

Hapa ndipo nilipoumia zaidi, kwa mkono wangu mwenyewe. Printa ikizimwa kwa kitufe chake, kwanza hurudisha kichwa pembeni na kukifunika. Ukizima swichi ya ekstensheni wakati bado inafanya kazi, kichwa hubaki pale kilipo, wazi, usiku kucha. Asubuhi matundu yamekauka na usafishaji unakuwa mkubwa kuliko wa kawaida. Na hata kichwa kikiwa kimefunikwa, baadhi ya printa zikikatiwa umeme kabisa hupoteza hesabu ya muda. Zikirudi hazijui kama zimelala saa moja au mwezi, kwa hiyo zinasafisha kwa tahadhari.

Sisi tulikuwa tunazima soketi kuu kila jioni tukihofia LUKU. Fanya hesabu: printa iliyolala ikila wati moja, mchana na usiku, kwa mwezi mzima haifikishi uniti moja ya umeme. Tulikuwa tunaokoa sarafu upande mmoja na kumwaga chupa upande mwingine. Siku hizi soketi ya printa yangu inabaki imewashwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi naiwasha kwanza, nasubiri kichwa kirudi pembeni, ndipo naizima kwa kitufe ikiwa nafunga duka. Kichwa hakisukumwi kwa kidole.

"Ukiona mistari, safisha mpaka ipotee."

Nimeona kijana akibonyeza usafishaji mara tisa mfululizo, tangi likishuka mbele ya macho yake na mistari ipo palepale. Kwenye printa nyingi kila usafishaji hufyonza rangi zote au karibu zote, hata kama iliyoziba ni njano peke yake. Anza na ukurasa wa kupima matundu, ule wenye vijistari vidogo vya kila rangi. Wino wake ni kidogo sana, na unakuonyesha pengo liko wapi. Safisha mara moja, pima tena. Ukifika mara ya tatu bila nafuu, acha. Zima kwa kitufe, lala, rudi kesho. Mara nyingi tatizo ni viputo vya hewa au wino uliokauka nusu, na muda unavitatua kuliko pampu. Ule usafishaji mkubwa wa printa za tangi, zile zinazojazwa wino wa chupa, usiuguse mpaka uhakikishe wino umezidi theluthi ya tangi, la sivyo utavuta hewa na kujiongezea msiba.

"Naprinti nyeusi tu, rangi hazihusiki."

Zinasafishwa pamoja na nyeusi. Tena ukichagua karatasi ya picha, printa nyingi hutengeneza weusi kwa kuchanganya rangi. Kwa mtu wa kurasa chache nyeusi kwa mwezi, mimi humshauri printa ya leza bila kusita: tona, wino wake, ni unga, haukauki.

"Ya tangi haina shida hii."

Epson ilianza kuuza printa zake za tangi Indonesia mwaka 2010, na kwa steshenari zimekuwa mkombozi wa kweli, kwa sababu wino wa chupa ni nafuu mno ukilinganisha na katriji. Lakini kinachopungua ni bei ya hasara, hasara yenyewe ipo. Kichwa ni kilekile, pampu ni ileile, na wino unaofyonzwa bado unatafuta pa kwenda.

"Fundi ameifanyia riseti, sasa ni mpya."

Ndani ya printa kuna hesabu ya wino uliomwagwa kwenye sponji. Ikifika kikomo mashine hugoma, na wengi huitupa wakidhani imekufa. Haijafa. Ila programu ya riseti hufuta namba tu, wino wote umebaki mlemle. Ukiendelea hivyo mara ya pili na ya tatu, sponji hushindwa kubeba, na siku moja unainua printa unakuta duara jeusi limeingia kwenye mbao za meza. Baadhi ya modeli za sasa zina kisanduku cha sponji unachokibadilisha mwenyewe, na ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama nikinunua. Kwa zile za zamani, kabla ya kumlipa fundi mwambie akuonyeshe sponji alizotoa.